Papa Benedikto XV na Misa Tatu za Tarehe 2 Novemba

Kila mwaka tarehe 2 Novemba, Kanisa linapowaombea Marehemu Wote, kila padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu. Ruhusa ya namna hiyo ipo kwa sikukuu mbili tu za mwaka: Noeli na siku hii ya marehemu. Waamini tumeizoea. Tunaleta bahasha zenye majina ya wazazi na ndugu zetu, tunafyeka makaburi, tunawasha mishumaa, na tunarudi nyumbani. Ukiwauliza wengi kwa nini Misa ni tatu, watajibu kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Ukweli ni kwamba kwa Kanisa lote desturi hii ilianza mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ilianza kwa sababu ya vita hivyo. Aliyeitoa ni Papa Benedikto XV. Desturi imebaki, lakini vita vilivyoizaa vimetutoka akilini, na Papa mwenyewe ni wachache wanaomjua. Katika makala hii tunasimulia maisha yake. Tunafanya hivyo kwa sababu yanatufundisha jinsi jamii zinavyochagua vita vya kukumbuka na wafu wa kukumbuka, na kwa sababu sehemu ya wafu hao wamelala katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki bila alama yoyote.

Mwanasheria aliyekuwa padre

Jina lake la ubatizo lilikuwa Giacomo, na la ukoo della Chiesa, ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni wa Kanisa. Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1854 huko Genova, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, katika familia ya zamani yenye cheo. Alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Hata alipokuwa mtu mzima alibaki mfupi, mwembamba, na mwenye kuchechemea kidogo.

Kijana Giacomo alitaka kuingia seminari mapema, lakini baba yake alimtaka kwanza asome sheria. Alitii. Mwaka 1875 alipata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Genova, kisha baba akamruhusu kwenda Roma. Alipewa upadre tarehe 21 Desemba 1878. Wale walioko seminarini leo na wanaoambiwa na wazazi wao wamalize kwanza chuo wanaweza kujifariji kwa mfano huu. Elimu ile ya sheria haikupotea bure, kwani miaka 40 baadaye aliitumia kuandika mapendekezo ya amani kwa mataifa yaliyokuwa vitani.

Mwaka 1883 Askofu Mkuu Mariano Rampolla alipotumwa Hispania kuwa Balozi wa Papa, alimchukua padre huyu kuwa katibu wake. Wakiwa Madrid walishughulika na misaada kwa watu waliopatwa na kipindupindu. Huko pia alishuhudia jambo ambalo hakulisahau. Ujerumani na Hispania ziligombania Visiwa vya Caroline katika Bahari ya Pasifiki, na ilionekana kana kwamba zingepigana. Mwaka 1885 pande zote mbili zilikubali Papa Leo XIII awe mpatanishi, na ugomvi ukaisha bila vita. Kijana della Chiesa aliona kwa macho yake kwamba Papa asiye na jeshi anaweza kuzuia damu isimwagike, iwapo tu wakubwa watakubali kumsikiliza.

Aliporudi Roma alifanya kazi miaka mingi katika ofisi za Kiti Kitakatifu. Mwaka 1907 Papa Pio X alimteua kuwa Askofu Mkuu wa Bologna, na akampa daraja la uaskofu kwa mikono yake mwenyewe. Jimbo lile lilikuwa na parokia nyingi za milimani, na askofu yule mdogo wa umbo alizizungukia, nyingine akizifikia kwa farasi. Alifanywa kardinali Mei 1914, miezi miwili tu kabla ya ulimwengu kuwaka moto.

Konklave ya wakati wa vita

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1914. Papa Pio X alifariki tarehe 20 Agosti, wakati majeshi ya Ujerumani yakiwa yanapita Ubelgiji. Makardinali walikutana Roma tarehe 31 Agosti. Tufikirie hali ilivyokuwa: waliokaa katika kikanisa kimoja cha Sistina walikuwa Wafaransa, Wajerumani, Waaustria, Waingereza na Wabelgiji, na nje vijana wa mataifa yao walikuwa wakiuana. Tarehe 3 Septemba walimchagua Giacomo della Chiesa, kardinali wa miezi mitatu. Inasimuliwa kwamba kati ya kanzu nyeupe zilizoandaliwa, hata ile ndogo kabisa ilimpwaya. Alichagua jina la Benedikto. Kwa sababu ya vita hakutaka sherehe kubwa, na alivishwa taji tarehe 6 Septemba katika kikanisa hichohicho cha Sistina.

Waraka wake wa kwanza kwa Kanisa lote aliutoa tarehe 1 Novemba 1914, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Alieleza uchungu wake kuona mataifa yaliyostaarabika, ambayo yanajiita ya Kikristo, yakitumia elimu yao yote kutengeneza njia za kuangamizana, na akawasihi watawala watafute njia nyingine ya kudai haki zao.

Siku iliyofuata, tarehe 2 Novemba 1914, siku ya Marehemu Wote, meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga. Zilibeba maelfu ya askari, wengi wao kutoka India. Waliokuwa nchi kavu wakiwangoja walikuwa maofisa Wajerumani na askari Waafrika. Mapigano yalimalizika tarehe 5 kwa Waingereza kurudi melini wakiacha mamia ya maiti katika mashamba ya minazi na mkonge. Sababu za vita zilikuwa za Ulaya, lakini kuanzia siku hizo hadi tarehe 25 Novemba 1918, Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, moto wake uliunguza nchi yetu kutoka Tanga na Kilimanjaro hadi ng'ambo ya Ruvuma.

Papa aliomba silaha zinyamaze angalau siku ya Noeli ya mwaka huo. Serikali zilikataa. Sehemu fulani za mstari wa mapigano wa Ulaya Magharibi, askari wenyewe walitoka katika mahandaki wakasalimiana na kuzika wafu wao. Walichofanya kilikuwa kile Papa alichoomba, na wakubwa wao walihakikisha hakirudiwi. Mwanzoni mwa 1915 alitunga sala ya kuombea amani na kuagiza isaliwe kila mahali. Ufaransa, serikali iliamuru kwanza nakala zake zikamatwe, kwa hofu kwamba mtu anayeomba amani atalegea katika kupigana.

Ofisi ya waliopotea

Aliposhindwa kuzuia vita, Papa Benedikto aligeukia walioumizwa navyo. Ilifunguliwa Vatikani ofisi ya kutafuta habari za wafungwa wa vita na askari waliopotea. Mama aliyeko Ufaransa aliandika kuuliza kama mwanawe yu hai katika kambi ya Ujerumani. Mke aliyeko Austria aliuliza habari za mumewe aliyechukuliwa na Warusi. Barua zilifika kwa mamia ya maelfu, na kila moja ilikuwa na jina la mtu. Kwa juhudi zake pia, wafungwa wagonjwa na majeruhi wasioweza kupigana tena walibadilishana kati ya pande mbili, na wengine walipelekwa kutibiwa Uswisi.

Hakuangalia dini. Mwaka 1915 Waarmenia walipokuwa wakifukuzwa na kuuawa katika dola ya Waturuki, Papa alimwandikia Sultani barua kwa mkono wake mwenyewe tarehe 10 Septemba akiomba awahurumie. Barua haikusimamisha mauaji. Lakini huko Istanbul kuna kitu kinachostahili kutajwa. Papa huyu alijengewa sanamu angali hai, na waliochangia gharama zake walikuwa Wakristo, Waislamu na Wayahudi kwa pamoja. Ilizinduliwa Desemba 1921 na bado imesimama katika uwanja wa Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Maandishi yake yanamshukuru kwa kuwatendea watu mema bila kubagua taifa wala dini. Katika nchi zilizoshinda vita, kumbukumbu ya namna hiyo kwa ajili yake ni vigumu kuipata.

Misa tatu

Tarehe 10 Agosti 1915 ndipo alipotoa hati inayoitwa kwa Kilatini Incruentum altaris, yaani sadaka ya altare isiyo na damu. Kwa hati hiyo kila padre duniani aliruhusiwa kuadhimisha Misa tatu siku ya Marehemu Wote. Ruhusa kama hiyo ilikwisha kuwapo Hispania, Ureno na makoloni yao tangu mwaka 1748, ilipotolewa na Papa Benedikto XIV. Benedikto XV aliieneza kwa Kanisa zima.

Sababu zake zilikuwa mbili. Kwanza, katika nchi nyingi mali zilizowekwa wakfu na watu wa kale ili waombewe baada ya kufa zilikuwa zimetaifishwa au kupotea, na Misa walizoahidiwa hazikuwa zikiadhimishwa tena. Yaani kulikuwa na wafu waliosahauliwa kwa sababu fedha zao zililiwa na wengine. Pili, vita vilikuwa vikiua vijana kwa idadi ambayo haijawahi kuonekana. Wengi walikufa bila padre, bila kaburi, na bila mtu wa kuandika jina lao kwenye bahasha.

Ndiyo maana aliweka utaratibu ambao tunaufuata hadi leo. Misa moja padre anaweza kuitolea kwa nia ya yule aliyeiomba, na kwa hiyo moja tu anaweza kupokea sadaka. Misa ya pili ni kwa ajili ya marehemu wote. Ya tatu ni kwa nia za Baba Mtakatifu. Tukiutazama utaratibu huu kwa makini tunaona hekima ya mchungaji. Misa ya kwanza inatupa nafasi ya kuwaombea walio wetu, kama upendo wa damu unavyodai. Ya pili haina bahasha. Humo wamo maadui, wageni, na wale ambao hakuna aliyebaki wa kuwalilia. Askari wa Ubelgiji na askari wa Ujerumani aliyemuua wanaombewa katika sala moja.

Miaka michache baada ya hapo, mataifa yaliyoshinda yalianza namna yao ya kukumbuka. Tarehe 11 Novemba 1920 Uingereza na Ufaransa kila moja ilimzika askari asiyejulikana kwa heshima kubwa, na Italia ikafanya hivyo tarehe 4 Novemba 1921. Hatudharau desturi hizo. Wazazi waliofiwa walihitaji mahali pa kulilia. Lakini tunaona tofauti. Kila taifa lilimzika askari wake, chini ya bendera yake. Asiyejulikana jina alijulikana upande.

Pendekezo la amani la 1917

Mwaka 1917 Papa alijaribu kwa mara ya mwisho kuvimaliza vita. Mwezi Mei aliagiza Bikira Maria aitwe Malkia wa Amani katika Litania ya Loreto, na tunaposali litania hiyo baada ya Rozari, tunatamka bila kujua maneno mengine yaliyozaliwa na vita vile. Kisha alimtuma Balozi wake, Eugenio Pacelli, ambaye baadaye alikuwa Papa Pio XII, azungumze na Kaisari wa Ujerumani. Tarehe 1 Agosti aliandika barua kwa wakuu wa mataifa yote yanayopigana. Humo, mwanasheria wa Genova anasikika: silaha zipunguzwe na pande zote kwa pamoja, migogoro ipelekwe kwa wapatanishi, bahari ziwe huru, fidia zisidaiwe, na nchi zilizotekwa zirudishwe. Alivieleza vita kuwa mauaji yasiyo na faida yoyote.

Hakuna aliyemkubalia. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alijibu mwezi huohuo wa Agosti akikataa, ingawa miezi michache baadaye, Januari 1918, yeye mwenyewe alitangaza mambo 14 ambayo baadhi yake yanafanana na ya Papa. Wafaransa walimwita Papa wa Wajerumani. Wajerumani walimwita Papa wa Wafaransa. Huko Paris mhubiri Mdominikani alisimama mimbarani mbele ya wakuu na kutangaza kwamba Wafaransa hawawezi kuipokea amani ya Papa kwa wakati huo. Zaidi ya hayo, tangu Aprili 1915 Italia ilikuwa imekubaliana kwa siri na Uingereza, Ufaransa na Urusi kwamba Papa asishirikishwe katika mazungumzo ya amani. Vita vilipokwisha, meza ya Versailles ilipangwa bila yeye.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kusema jambo moja zaidi kuhusu barua ile. Kati ya yale yaliyopaswa kurudishwa, Papa alitaja makoloni ya Ujerumani. Maana yake ni kwamba Tanganyika, Rwanda na Burundi zingerudi kwa Wajerumani kama mali inavyorudishwa kwa mwenyewe. Hatumlaumu kuliko wengine, kwani katika mikutano ya wakubwa wa dunia ya wakati ule hakuna aliyependekeza kuwauliza wenye nchi. Lakini tukisimulia maisha ya mtu mwema, ni haki kueleza pia mipaka ya macho yake. Hata mtu aliyesikia kilio cha kila upande hakukisikia sawasawa kilio cha wapagazi wetu.

Wafu wa Kariakoo

Jina la Kariakoo tunalitaja kila siku. Tunanunua pale nguo, viungo na simu. Wachache wanakumbuka kwamba ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale Dar es Salaam. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo.

Barabara zilikuwa chache, na farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo vita vya nchi yetu vilibebwa kichwani. Chakula, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga vilisafirishwa na watu. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, wote walichukua wanaume vijijini kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Nyuma yao mashamba yalibaki bila wakulima, na majeshi yaliyopita yalichukua nafaka na mifugo. Wagogo wanaikumbuka njaa ya miaka ile kwa jina la Mtunya. Kisha mwaka 1918 likaja homa kali la mafua lililozunguka dunia nzima.

Je, wafu hawa wamekumbukwaje? Mwaka 1927 iliwekwa Dar es Salaam sanamu ya askari mwenye bunduki, ambayo hadi leo magari yanaizunguka katikati ya mji. Nairobi, katika sanamu ya wakati huohuo, mpagazi naye amewekwa pamoja na askari. Lakini sanamu hazina majina. Wakati askari Mwingereza aliyefia hapa aliwekewa jiwe lenye jina lake, wapagazi wengi hawakuandikwa popote. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sababu iliyotajwa ni kwamba wakubwa wa wakati ule waliwaona watu hawa kuwa hawahitaji heshima hiyo.

Hapa ndipo Misa ya pili ya tarehe 2 Novemba inapopata uzito. Tangu 1915, kila mwaka, altare iliwakumbuka wapagazi hawa hata pale ambapo daftari la serikali liliwaacha. Lakini ukweli mwingine ni mchungu zaidi: sisi wenyewe, wajukuu na vitukuu vyao, tumehudhuria Misa hiyo bila kuwafikiria. Parokia zetu za kale zinahifadhi vizuri habari za wamisionari Wajerumani walioondolewa nchini baada ya vita, na ni vyema. Habari za wakristo wa parokia hizohizo waliobebeshwa mizigo na kufia njiani ni adimu.

Baada ya vita

Papa Benedikto hakukaa akinung'unika kwa kuachwa nje ya Versailles. Watoto wa Ujerumani na Austria walikuwa wakifa kwa njaa, naye mwaka 1919 aliagiza mchango ukusanywe makanisani kote duniani siku ya Watoto Mashahidi, tarehe 28 Desemba. Mwezi Mei 1920 aliandika waraka juu ya upatanisho, akiwaonya wote kwamba mkataba uliotiwa sahihi hauleti amani iwapo chuki imebaki mioyoni. Alikuwa na haki ya kuogopa. Miaka 19 baadaye Ulaya ilirudi vitani.

Kwa Afrika alifanya mambo mawili ambayo tunayavuna hadi leo. Tarehe 30 Novemba 1919 alitoa barua ya Maximum illud juu ya umisionari. Alikuwa ameona jinsi vita vilivyowagawa hata wahubiri wa Injili. Aliwakataza wamisionari kutumikia maslahi ya nchi zao, na akasisitiza wazaliwa wa kila nchi walelewe wawe mapadre kamili, wenye uwezo wa kuongoza watu wao, wasiwe wasaidizi tu wa wageni. Uganda ilikuwa imekwisha kupata mapadre wake wa kwanza wawili mwaka 1913, na Rwanda wawili mwaka 1917, vita vikiendelea. Kila seminari ya Afrika, pamoja na hii yetu, ina deni kwa barua hiyo. Halafu tarehe 6 Juni 1920 aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa wenyeheri.

Januari 1922 alishikwa na mafua yaliyogeuka kuwa kichomi, na tarehe 22 mwezi huo alifariki akiwa na miaka 67. Alikuwa ametoa misaada mingi mno, hata inasimuliwa kwamba hazina ilikuwa tupu na ilibidi kukopa kwa ajili ya mazishi yake na konklave iliyofuata.

Kwa nini alisahauliwa

Watu hupenda kukumbuka vita kwa habari za ushindi, au kwa habari za dhuluma waliyotendewa na jirani. Papa huyu hakutoa wala hili wala lile. Hakuwa na upande, kwa hiyo hakuna upande uliodai kumbukumbu yake. Zaidi ya hapo, kumkumbuka kunauma. Alisema mwaka 1917 kwamba kifo cha vijana wale hakina faida, na vita vikaendelea mwaka mmoja na zaidi. Kila aliyekufa baada ya hapo angeweza kuwa hai kama angesikilizwa. Ni rahisi zaidi kujenga mnara kuliko kukiri hivyo.

Kumbukumbu yake imeanza kurudi polepole. Mwaka 2005 Kardinali Joseph Ratzinger alipochaguliwa kuwa Papa alichukua jina la Benedikto XVI, na katika katekesi yake ya kwanza ya Jumatano, tarehe 27 Aprili, alieleza kwamba mmoja wa aliotaka kuwafuata ni yule Papa wa wakati wa vita. Tarehe 13 Septemba 2014, katika kukumbuka miaka 100 ya vita, Papa Fransisko alikwenda kaskazini mashariki mwa Italia. Kabla ya kuadhimisha Misa Redipuglia, walipozikwa Waitaliano zaidi ya 100,000, alisali kwanza katika makaburi ya jirani ya askari wa Austria na Hungaria, waliokuwa maadui wao. Hiyo ndiyo namna ya Benedikto XV ya kukumbuka.

Nasi tunaweza kuifuata bila gharama kubwa. Bado kuna familia zenye masimulizi ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Vijana wa parokia, WAWATA, na sisi waseminari tunapokwenda likizo, tunaweza kuwauliza na kuandika: alikuwa nani, alitoka kijiji gani, alipita njia gani. Paroko akipewa majina hayo anaweza kuyasoma tarehe 2 Novemba, na akayasoma pamoja: aliyewabebea Waingereza na aliyewabebea Wajerumani, askari wa upande huu na wa upande ule, Mkristo, Mwislamu na aliyeshika dini ya wazee wake. Na kwa wale ambao majina yao hatutayapata tena, Misa ya pili ipo. Tuhudhurie tukijua tunamwombea nani.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Amina.